Bibi na Bwana Walioshika Ngao

Wajukuu zangu! Sogeeni huku kivulini, jua la kiangazi halina huruma hapa Ugogo, mkoani Dodoma. Wadogo kaeni mbele, wakubwa simameni nyuma, na atakayesinzia nitamwita kwa jina.

Leo tunasoma picha ambayo ninyi mnaiona kila siku na huenda hamjawahi kuitazama. Imo kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya kijiji. Imo kwenye vyeti ambavyo mama huvifungia sandukuni, chini ya kanga mpya. Imo kwenye jalada la pasipoti ya mjomba aliyekwenda ng'ambo. Vitabu huiita Nembo ya Taifa, wengine husema Ngao ya Taifa, na watu wa mitaani wameipa jina lao wenyewe: Bibi na Bwana.

Najua swali litakalotangulia, maana huulizwa kila ninapoanza hadithi hii. "Babu, mbona kijiji chetu hakina nembo yake?" Swali zuri. Zipo nchi ambazo kila kijiji kina nembo yake. Uswisi ni mojawapo: hata kijiji cha watu wachache mlimani kina ngao iliyochorwa samaki, au mti, au ufunguo, na mji wao mkuu, Bern, una dubu. Desturi hiyo ilianza Ulaya yapata miaka mia tisa iliyopita. Wapiganaji wao walivaa chuma mwili mzima, na kofia za chuma ziliziba uso. Katikati ya vumbi la vita hukuweza kujua yupi ni wako na yupi ni adui. Wakaanza kuzipaka ngao zao rangi na michoro, huyu simba, yule tai, mwingine mistari tu. Baba alipokufa, mtoto alirithi ile alama. Hapa kwetu hatukuhitaji ngao kwa kazi hiyo, lakini nendeni mnadani mkawatazame ng'ombe: mwenye mifugo halisi hamtambui ng'ombe wake kwa rangi peke yake, humtambua kwa alama aliyokatwa sikioni au chapa aliyopigwa, na alama hiyo humtaja baba na babu yake. Nembo ya ukoo wa Ulaya ilifanya kazi ileile.

Baadaye wafalme wakazichukua, kisha miji, kisha nchi. Wakoloni walipokuja Afrika walikuja na desturi hiyo. Waingereza walipoitawala Tanganyika walitupa alama waliyoichagua wao: kichwa cha twiga, kwenye bendera nyekundu ambayo pembeni ilikuwa na bendera yao. Twiga ni mnyama mzuri, sina ugomvi naye. Lakini fikirini kidogo. Nchi iliyojaa watu, yenye watemi, wahunzi, wakulima, wafugaji, wapiga zeze na wapiga ngoma za muheme, ikachorewa mnyama mmoja, na hata huyo alichorwa kichwa tu.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru. Nchi huru inahitaji muhuri wake, kwa sababu sheria na barua za serikali lazima zijulikane zimetoka kwa nani. Ndipo ikapatikana ngao hii yenye watu wawili. Zanzibar nayo ikafanya Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, na tarehe 26 Aprili mwaka huohuo nchi mbili zikaungana. Bendera ya Muungano ikaingia kwenye ngao, na picha ikawa hii mnayoiona ubaoni.

Haya, tuisome. Tuanze juu, tushuke.

Sehemu ya juu kabisa ya ngao ni ya rangi ya dhahabu, na ndani yake unawaka mwenge. Dhahabu ni madini yetu. Mwenge ni ule mnaousubiri barabarani kila mwaka unapopita wilayani, mmevaa sare safi na mwalimu amewapanga mistari. Usiku wa uhuru, mwanajeshi kijana aliyeitwa Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge hadi kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya bahari, akausimika huko pamoja na bendera mpya ya Tanganyika. Chini ya mwenge ipo bendera ya Muungano: kijani ya mimea na ardhi, nyeusi ya watu, bluu ya maji, na michirizi ya dhahabu ya madini. Hiyo mwalimu wenu ameshawafundisha, sitakawia hapo.

Chini ya bendera kuna sehemu nyekundu. Ni udongo wa Afrika, udongo wenye rutuba. Ninyi wa huku hamhitaji kuelezwa, nguo zenu nyeupe zinaujua. Juu ya udongo huo wamechora vitu vitatu: mkuki uliosimama wima, na nyuma yake jembe na shoka vimepishana. Mkuki ni wa kuulinda uhuru. Jembe na shoka ni vya kuijenga nchi.

Tulieni hapa kidogo, maana watu wengi wanapita haraka. Nembo nyingi duniani zimejaa panga, taji na mikuki. Yetu imeweka mkuki mmoja na zana mbili za kazi, zana zile ambazo zipo nyumbani kwenu sasa hivi, nyuma ya mlango. Jembe analolimia mama yako uwele na mtama msimu wa mvua, lenye mpini uliong'aa kwa viganja, ndilo hilo. Shoka alilokatia baba yako nguzo za tembe au miiba ya zizi, ndilo hilo. Nchi ilipotaka kujieleza mbele ya mataifa, ilikwenda kuchukua vitu nyuma ya mlango wa mkulima. Mimi jambo hilo hunigusa kila nikilifikiri.

Chini yake kabisa kuna mawimbi ya bluu na nyeupe. Hayo ni bahari, maziwa, na fukwe zetu. Nchi yetu imezungukwa na maji makubwa: Bahari ya Hindi mashariki, Ziwa Victoria kaskazini, Tanganyika magharibi, Nyasa kusini. Sisi wa katikati tumebaki kuyatazama kwenye picha na kuisubiri mvua.

Sasa pembeni. Ngao imekumbatiwa na pembe mbili za ndovu, zimepinda huku na huku, na bibi na bwana wamezishika. Hapa ndipo hadithi inapofika nyumbani kwetu, kwa hiyo fungueni masikio.

Zamani kabla ya reli, njia kuu ya kutoka pwani kwenda bara ilipita hapahapa Ugogo. Misafara ilianzia Bagamoyo, ikapanda hadi Mpwapwa, ikaingia nchi hii kavu, ikavuka kwenda Unyanyembe huko Tabora, na mbele zaidi hadi Ujiji. Kwenda ilibeba nguo, shanga na waya. Kurudi ilibeba pembe za ndovu, kwenye mabega ya watu. Pembe moja kubwa iliweza kuwa na uzito kama wa mmoja wenu, na mpagazi aliibeba kutwa nzima, siku baada ya siku, hadi baharini. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliokwenda kwa ujira. Lakini wengine waliotembea kwenye njia hiyo walikuwa watumwa, wamefungwa shingoni, na hilo nanyi lazima mlijue.

Ugogo hapakuwa mahali pa kupita bure. Nchi ni kavu, maji yapo kisimani, na kisima kina mwenyewe. Watemi wa Wagogo waliitoza misafara hongo. Msilisikie neno hilo kama linavyosikika leo: hongo ya zamani ilikuwa ushuru wa njia, unalipa nguo na waya kwa mtemi, ndipo unakunywa maji, unanunua nafaka, unapita. Wazungu walioandika vitabu vyao, Richard Burton aliyepita mwaka 1857 na Henry Morton Stanley aliyepita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, walilalamika sana juu ya hongo ya Ugogo. Mimi nikisikia malalamiko yao naona kitu kingine: naona watu waliojua kwamba nchi ni yao na maji ni yao.

Zile pembe zilifika Zanzibar, zikapakiwa melini. Nyingi zilikwenda Ulaya, India na Marekani. Katika jimbo la Connecticut ipo miji miwili midogo, Deep River na Ivoryton, iliyoishi kwa kuchonga pembe hizo ziwe vibonyezo vya piano. Basi mtoto wa huko alikuwa akijifunza kinanda kwa vidole vyake juu ya tembo wa kwetu, na hakujua kamwe jina la Mpwapwa.

Dodoma yenyewe ina tembo wake. Wazee husimulia kwamba palikuwa na tembo aliyekuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, hapo ambapo leo ni mjini. Tope lilikuwa zito. Akaingia mguu mmoja, akaingia wa pili, kadiri alivyojikwamua ndivyo alivyozidi kuzama, na watu wakasema hapa ndipo alipodidimia, Idodomya. Wapo wazee wengine wanaocheka wakisikia hivyo. Wao husema hakuwapo tembo yeyote: vijana walimwiba ng'ombe wa watu, wakamla, kisha wakachomeka mkia topeni, na mwenye mali alipofika wakamwonyesha mkia na kusema, "Maskini, amezama!" Mimi nimewapa zote mbili. Kachagueni wenyewe, ila mkichagua ya pili msiige.

Juu ya tembo kuna jambo moja zito. Kati ya 2009 na 2014 majangili waliua tembo wengi mno, hata Tanzania ikapoteza zaidi ya nusu ya tembo wake katika miaka hiyo michache. Hebu fikirini, nchi yenye pembe za ndovu kwenye nembo yake ikaribie kubaki na zile za kuchora tu. Serikali ikakaza ulinzi, na tembo wakaanza kuongezeka tena. Sasa wengine wanatoka hifadhini na kuingia mashambani, na kwa mkulima ambaye mtama wake wa mwaka mzima umeliwa usiku mmoja, hilo ni balaa kweli. Anayempenda tembo akiwa mbali asimdharau mkulima anayekesha akipiga debe.

Sasa njooni kwa watu wenyewe.

Katika nembo nyingi kuna wawili wanaoishika ngao, mmoja kila upande. Jirani zetu Wakenya wameweka simba wawili wenye mikuki, na katikati ya ngao jogoo aliyeshika shoka. Waganda wameweka swala wao na korongo mwenye taji la manyoya, na hapo katikati wakachora ngoma, jambo ambalo wapiga muheme wa Ugogo wangelifurahia. Nembo hizo ni nzuri na wenyewe wana sababu zao. Sisi tumeweka mwanamume na mwanamke. Wazambia nao wamefanya hivyo, kwa hiyo hatuko peke yetu, lakini hatuko wengi.

Watazameni hao wawili. Hawana taji, wala kiti cha enzi. Hakuna aliyepiga magoti na hakuna aliyesimama nyuma ya mwenzake: wamesimama sawa, na kila mmoja ameshika upande wake. Mmoja akiachia, ngao inaanguka. Ninyi wavulana mnaodhani kuchota maji ni kazi ya dada zenu, naomba mwende ubaoni kesho mkawatazame tena.

Miguuni pa mwanamume kuna mkarafuu, miguuni pa mwanamke kuna mpamba. Mkarafuu ni Zanzibar, na hasa Pemba, ambako karafuu nyingi huchumwa. Mti huo si wa asili yetu, ulitoka visiwa vya mbali vya Indonesia, ukaenea Unguja na Pemba karne ya 19 katika mashamba ya Waarabu, na waliolima mashamba hayo walikuwa watumwa, wengi wao waliotolewa huku bara. Baadhi yao walipita njia ileile ya misafara niliyowaambia. Kwa hiyo mkiuona ule mti mdogo kwenye nembo, jueni una machozi ya watu wa bara na wa visiwani pamoja. Mpamba ni wa mashambani huku bara, na zaidi Usukuma, ambako wakulima walijiunga katika vyama vya ushirika hata kabla ya uhuru ili wasipunjwe bei. Mimea hiyo miwili pamoja ni alama ya ushirikiano.

Wote wawili wamesimama juu ya mlima Kilimanjaro, na chini yake utepe umeandikwa UHURU NA UMOJA.

Mtaniuliza nani alichora. Mwaka 2017 magazeti na televisheni zilimwonyesha mzee mmoja jijini Dar es Salaam, mgonjwa na maskini, aliyetambulishwa kuwa mchoraji wa nembo hii. Jina lake Francis Maige Kanyasu, wengi wakimwita Ngosha. Alipelekwa Muhimbili kutibiwa, na mwezi Mei mwaka huo akafariki. Wapo wengine waliotajwa kuwa na mkono katika kazi hiyo, na mabishano juu ya nani alifanya nini hayajaisha. Lakini ninawaambia hivi, kwa moyo wangu wote: mchoro uliogongwa kwenye kila hati ya serikali kwa zaidi ya miaka hamsini, halafu mtu aliyehusishwa nao nchi ikamfahamu akiwa kitandani mwisho wa maisha yake! Mkimwona fundi, mchoraji au mshonaji anafanya kazi nzuri, muulizeni jina na mliandike.

Jambo moja la sheria, kisha tuendelee. Ipo Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971. Huruhusiwi kuichukua Nembo ya Taifa na kuibandika kwenye duka lako au bidhaa yako bila kibali. Kuichora daftarini ili ujifunze si kosa. Kuuzia sabuni ndilo kosa.

Na hapa kwetu nembo hii ina makazi ya pekee. Wajerumani walipoleta reli hapa yapata mwaka 1910, Dodoma ilikuwa kijiji chenye kituo. Mwaka 1973 chama cha TANU kikaamua makao makuu ya nchi yahamie hapa, katikati, ambapo mtu wa Kigoma na mtu wa Mtwara wote watatembea. Miaka mingi ikapita, kazi ikienda polepole. Tarehe 26 Aprili 2018, siku ya Muungano, Dodoma ikatangazwa jiji, na mwaka 2023 Ikulu mpya ikafunguliwa Chamwino. Chamwino hiyohiyo ndiko Mwalimu Nyerere alikokwenda kukaa na wanakijiji mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa vijiji vya ujamaa, akafyatua nao matofali. Rais mwenye udongo mikononi: mchoraji wa nembo hii asingehitaji kubadili chochote ili amweke pale pembeni, pamoja na yule bibi.

Sasa turudi kwenye swali lenu la kijiji. Nembo rasmi hatuna, lakini nani amewakataza kufikiri ingekuwaje? Chukueni kijiti, mchore ngao hapa chini vumbini. Mtaweka nini?

Mtoto wa Kolo, huko Kondoa, kazi yake imeshaanzwa na wengine. Kwenye miamba ya kwao watu wa kale walichora kwa rangi nyekundu pofu, twiga, tembo, na watu wembamba wenye nywele za ajabu, na tangu 2006 michoro hiyo ni Urithi wa Dunia. Hao ndio wachoraji wetu wa kwanza, na majina yao hatutayapata kamwe.

Wa Kongwa wana kazi ngumu zaidi. Waingereza walikuja kwao mwaka 1947 na matrekta mengi, wakisema watalima karanga kulisha Uingereza. Hawakuuliza wenyeji habari za mvua. Udongo ukakauka ukawa mgumu, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Kisha katika miaka ya 1960 majengo ya hapohapo Kongwa yakawapokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wa FRELIMO, ANC na SWAPO, wakafanya mazoezi huko ya kuzikomboa nchi zao. Ningekuwa mtoto wa Kongwa ningechora karanga chini, na juu yake kambi ya wageni.

Hombolo na Makutupora wachore zabibu, hilo halina ubishi, tena kichala kizito. Mvumi wachore muheme na wanawake wanaoupiga, ngoma zimebanwa magotini. Wa Bahi wana mbuga inayojaa maji baada ya masika, wana mpunga na kambale, na wao peke yao hapa kwetu wana haki ya kuchora mawimbi.

Na wewe uliyejificha nyuma ya shina la mbuyu, ambaye hujasema neno tangu asubuhi, njoo. Kijiti hiki hapa. Kijiji chenu kina nini?